Roboti ya kufagia kwa nyumba za Dodoma: vumbi inaliweza, kudeki bado

Mvua zikiisha na upepo wa Juni ukianza, sisi wa Dodoma tunafagia asubuhi na kufikia saa nane mchana nyayo zinaonekana tena kwenye marumaru. Kwa hiyo majirani hapa Ilazo wakiniuliza kama roboti ya kufagia inafaa, nawajibu kwamba inafaa sana, mradi uinunue kwa ajili ya vumbi. Ukiinunua kwa ajili ya kudeki, utasikitika.

Kwenye sakafu ngumu, yaani marumaru, terazo au saruji iliyosuguliwa vizuri, vumbi halina pa kujificha kama lilivyo ndani ya zulia, hata mashine yenye nguvu ya wastani hulifyonza. Faida yake kubwa ni chini ya kitanda na makochi, ambako ufagio huwa tunaupitisha kwa haraka. Nyingi zina kimo cha karibu sentimita 10, basi pima kwanza uwazi wa chini ya kochi lako. Pembeni mwa ukuta kuna kibrashi kinachovuta uchafu, lakini mashine ya duara haifiki ndani kabisa ya kona. Kona utazifagia mwenyewe. Kibrashi hicho kikizunguka kwa kasi hurusha punje za mchele na mchanga badala ya kuziingiza ndani, kwa hiyo jikoni mimi huiwasha kwa nguvu ndogo.

Sasa kudeki. Vumbi letu ni laini na jekundu. Likikutana na kitambaa chenye maji linageuka tope jembamba, na roboti inalitandaza nyumba nzima. Ifyonze kwanza, imalize vyumba vyote, ndipo uifunge kitambaa. Zile za bei nafuu huburuta tu tambara lenye unyevu bila kulikandamiza. Zinaondoa utando wa vumbi uliobaki, ila doa la chai ya maziwa lililokauka linabaki palepale, na mafuta ya jikoni ndiyo usiseme. Zenye vitambaa viwili vinavyozunguka vikikandamiza sakafu ni bora zaidi, hasa kama kituo chake cha kuchajia kinaviosha. Ukitaka kujua ukweli, vaa soksi nyeupe na utembee sebuleni sakafu ikikauka.

Tena kuna maji. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo huziba vitundu vya tangi na kuacha alama nyeupe kwenye vigae vyeusi. Mimi hutumia maji ya mvua niliyokinga, yakiwepo. Vigae vyeusi vina tatizo jingine: chini ya roboti kuna vihisi vinavyotuma mwanga na kusubiri urudi, ili isianguke kwenye ngazi. Rangi nyeusi inaumeza mwanga, mashine inadhani imefika ukingoni, inageuka.

Kitu kinachoziua mapema ni chujio. Vumbi laini hulijaza haraka, nguvu ya kufyonza inashuka, na watu wanasema mashine imeharibika. Likung'ute nje kila baada ya kazi msimu wa upepo. Kama ni la kuoshwa, lioshe na liachie siku nzima likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Nyumba yenye akina dada wanaosuka, kagua pia brashi kubwa iliyo chini ya mashine: nywele za rasta huizonga mpaka inashindwa kuzunguka.

Fedha ikitosha, chukua yenye leza inayochora ramani ya nyumba, maana zinazotangatanga huruka sehemu na kurudia nyingine. Na kabla hujalipa, uliza kama chujio na brashi zake za akiba zinapatikana. Muuzaji asipokuwa nazo, ziagize pamoja na mashine yenyewe.