Majike Wawili Katika Ua Mmoja

Maswali ya wasomaji kuhusu wanyama wa nyumbani, yanayojibiwa na daktari wa mifugo

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaishi Njiro, Arusha, pamoja na mume wangu, watoto watatu na mbwa wawili, wote majike. Mkubwa, Tausi, ni wa kienyeji na ana miaka 7. Mdogo, Malkia, ni chotara wa jamani shepadi mwenye umri wa miezi 20, na tulimleta akiwa na wiki 8. Kwa zaidi ya mwaka mzima walilala banda moja na kula sufuria moja bila ugomvi. Malkia alipoingia joto mwezi wa pili walikwaruzana kidogo yakaisha, lakini tangu katikati ya mwezi wa nne wamepigana mara tatu, na mara zote damu imetoka. Mara ya mwisho ilikuwa getini, gari la baba watoto lilipokuwa likiingia, na kijana wetu wa ulinzi aliumwa mkononi alipojaribu kuwaachanisha. Baadaye aliwachapa wote wawili fimbo. Siku hizi Malkia anashinda chini ya tangi la maji, amechimba shimo, na amejichukulia kandambili moja ya mtoto ambayo hataki mtu aiguse. Mume wangu anasema tuwaache wapigane mpaka mmoja ashinde, jirani anasema mafahali wawili hawakai zizi moja, na mimi naona ni wivu tu. Tufanye nini?
Mama wa watoto watatu, Arusha

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa kijana aliyeumwa. Naanza naye kwa sababu suala lake halingoji. Jeraha la meno ya mbwa huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana cheti cha chanjo. Kama hakupelekwa, mpelekeni leo, na mwende na cheti hicho. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza, ila huzuilika mtu anapopata chanjo mapema.

Sasa turudi kwenye kandambili, ambayo umeitaja kama jambo la kupita, kumbe ndiyo iliyonieleza mengi kuliko sehemu nyingine yote ya barua yako. Mbwa jike huingia joto takriban kila baada ya miezi 6 au 7. Kwa siku kama 9 hutoa damu na kuwafukuza madume, kwa siku nyingine kama 9 huwakubali, kisha joto hupoa. Baada ya hapo homoni ya mimba hubaki juu mwilini mwake kwa muda wa karibu miezi miwili, awe amepandwa au hakupandwa. Homoni hiyo inaposhuka, karibu na siku ambazo angezaa, baadhi ya majike huvimba chuchu, hutoa maziwa, huchimba shimo la kuzalia na kuchagua kitu kidogo wakakilea kama mtoto. Hesabu mwenyewe: joto mwezi wa pili, shimo na ugomvi katikati ya mwezi wa nne. Kwa hiyo, mama, hii inaelekea zaidi kuwa mimba ya uongo kuliko wivu, na Tausi anapopita karibu na tangi, Malkia anamwona kama adui anayewasogelea watoto wake.

Hata hivyo, mimba ya uongo haielezi kila kitu, kwa sababu ugomvi wa getini ulitokea mbali na shimo. Malkia yuko katika umri ambao mbwa hukomaa kitabia, yaani kati ya mwaka mmoja na mitatu, na mambo ambayo alikuwa akimwachia mkubwa wake sasa hataki kuyaacha. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2011, ambao ulichunguza jozi 38 za mbwa waliokuwa wakipigana ndani ya nyumba moja, ulionyesha kwamba karibu jozi 8 katika kila 10 zilikuwa za jinsia moja, na kwamba majike walihusika katika sehemu kubwa ya ugomvi huo. Mara nyingi aliyeanza alikuwa yule mdogo au aliyekuja nyumbani baadaye. Vyanzo vilivyojirudia vilikuwa chakula, vitu vilivyookotwa, kugombea macho ya mwenye nyumba, na msisimko kama ule wa mtu kufika mlangoni. Ukisoma tena barua yako utaviona karibu vyote.

Kuhusu ushauri wa baba watoto, naomba aniwie radhi, lakini ni ushauri ninaoupinga kwa nguvu zangu zote. Watu wanaamini kwamba mbwa wakiachwa watapanga wenyewe nani mkubwa, na kwa madume wawili wanaofokeana kwa kelele nyingi na majeraha machache, imani hiyo huonekana kama ina ukweli. Majike wakifikia hatua ya kutoana damu, kila pambano huwa somo la pambano linalofuata: wanaacha kunguruma, wanaacha kuonyeshana meno, na wanakwenda moja kwa moja shingoni au mguuni. Nimeshona masikio na miguu ya majike walioachwa wamalizane, na sijapata kuona jozi moja iliyotoka humo ikiwa na amani. Fimbo nayo haisaidii, kwa sababu mbwa anayechapwa mbele ya mwenzake hujifunza kwamba mwenzake akikaribia, maumivu yanakuja.

Anzeni kwa kuwatenganisha kabisa kwa wiki tatu au nne, kila mmoja na banda lake, ikiwezekana wasionane. Malkia akiwa ametolewa nje kwa matembezi, ondoeni kandambili na mfukie shimo. Msimnyang'anye akiwa nayo. Msimkamue wala kumkanda chuchu, maana maziwa yakikamuliwa huongezeka, na hali hii kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Chuchu zikiwa nyekundu, ngumu na zenye joto, mpelekeni kwa daktari. Tausi naye apimwe, kwa sababu mbwa wa miaka 7 mwenye maumivu ya nyonga au ya jino hupoteza uvumilivu aliokuwa nao zamani.

Maziwa yakishakauka kabisa, nawashauri mwafunge kizazi wote wawili. Msiharakishe kabla ya hapo, kwa sababu upasuaji unaofanywa katikati ya mimba ya uongo unaweza kuirefusha; muda mzuri ni miezi mitatu au minne baada ya joto. Kwa Tausi kuna faida nyingine: majike wenye umri wake ambao hawajafungwa kizazi wamo katika hatari ya kujaa usaha katika mfuko wa uzazi, ugonjwa ambao hujitokeza wiki chache baada ya joto, mbwa akinywa maji mno na kukataa chakula, na ambao huua haraka. Upasuaji utaondoa ugomvi unaoletwa na joto na mimba ya uongo, lakini hautafuta chuki iliyokwisha kuwa mazoea, na hiyo ndiyo sababu kazi ya nyumbani inabaki kuwa yenu.

Kazi hiyo ni ya subira zaidi kuliko ya ufundi. Watu wazima wawili, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba, wawatembeze barabarani wakielekea upande mmoja, mwanzoni kwa umbali wa hatua 15 hivi, na wapunguze umbali siku hadi siku kadiri mbwa wote wanavyobaki watulivu. Wakiweza kutembea sambamba bila kukodoleana macho, waingizeni uani pamoja kwa dakika chache, wakiwa bado kwenye kamba. Sufuria moja ya ugali na dagaa imekwisha kazi yake. Kila mmoja ale nyuma ya mlango wake, na mifupa ya sherehe isitupwe uani kamwe. Kabla geti halijafunguliwa, mmoja awe amefungiwa bandani.

Wakishikana tena, mtu asipeleke mkono shingoni, maana hivyo ndivyo kijana wenu alivyoumia. Mwagieni ndoo ya maji, gongeni sufuria kwa nguvu, au mpenyeze ubao kati yao. Ikishindikana, watu wawili wawashike kwa wakati mmoja miguu ya nyuma, kila mtu mbwa wake, na warudi kinyumenyume kama anayevuta toroli.

Methali ya jirani ina ukweli wake, lakini nawafahamu majike wengi wanaozeeka pamoja kwa upendo. Mkifanya yote haya na bado wakajeruhiana vibaya, mtafutieni mmoja nyumba nyingine njema, au waishi kwa zamu, mmoja uani na mwingine bandani. Watoto wenu wanacheza katika ua huohuo, na usalama wao unatangulia.

SWALI: Daktari, nimepewa nafasi ya kununua watoto wawili wa mbwa wa uzao mmoja, wote majike, kwa ajili ya ulinzi. Muuzaji ananihakikishia kwamba dada hawawezi kugombana kwa sababu wamenyonya pamoja. Je, ni kweli?
Msomaji wa Nyali, Mombasa

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, na ningependa uahirishe malipo. Kunyonya pamoja hakuzuii ugomvi. Ndugu wa uzao mmoja wana umri mmoja na mara nyingi nguvu moja, kwa hiyo hakuna aliye mkubwa wa kuheshimiwa, na wote hukomaa kwa wakati mmoja. Aidha, watoto wawili wanaolelewa bega kwa bega hushikamana wao kwa wao na kumsikiliza binadamu kidogo tu, jambo baya kwa mbwa wa ulinzi. Chukua mmoja, mfundishe vizuri, na baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili mletee dume aliyehasiwa. Kama umekwisha kuwalipia wote wawili, walaze mabanda tofauti, walishe na uwafundishe kila mmoja peke yake, na ufunge vizazi vyao mapema kwa ushauri wa daktari aliye karibu nawe.

SWALI: Je, ni lazima jike azae mara moja kabla ya kufungwa kizazi ili awe mpole?
Msomaji wa Mwanza

JIBU: Hapana. Kuzaa hakumpi jike upole wowote wa kudumu, na kama nyumbani kuna jike mwingine, wiki za kunyonyesha ndizo za hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu hata mbwa mpole huua anapodhani watoto wake wanasogelewa. Kama wako tayari ana mimba, mwandalie chumba chenye mlango unaofungika kabla siku 63 hazijatimia, na mwenzake asiingie humo mpaka watoto wote wamekwisha kuachishwa kunyonya.