Kabla hujapanda gari la watu mliojuana juzi, ongea hela kwanza

Jumapili iliyopita nimepata meseji kutoka kwa msomaji mmoja wa Morogoro, binti mdogo tu, anasema hivi: "Dada, nimepata watu wanne wa kwenda nao Kilwa mpaka Mtwara kwa gari, tumejuana wiki iliyopita, wako poa sana, ila naogopa kuuliza mambo ya hela wasije wakaniona mnoko. Niende?"

Nimeisoma mara nne. Hilo neno mnoko ndo lilinikamata, maana Septemba 2024 na mimi niliwaza neno hilo hilo, nikanyamaza, na ule ukimya nikaja kuulipia stendi ya Lindi saa kumi na mbili asubuhi, begi mgongoni, na hema langu limeondoka kwenye gari la watu. Sijawahi kuielezea hii safari yote. Leo naielezea, mdogo wangu, kwa ajili yako na kwa wote mnaopenda barabara kama ninavyoipenda mimi.

Kwanza mjue mi sio mgeni wa safari. Pangani nimefika mwenyewe, Horohoro nimevuka kwa basi mpaka Mombasa, nikaunganisha Malindi na Lamu, vyote hivyo peke yangu na begi langu. Kusini tu ndo nilikuwa sijafika. Sasa jioni moja niko Kigamboni, kwenye kambi ya ufukweni, tumekaa kwenye moto watu kama kumi, kaka mmoja wa Arusha akasema kesho anateremka na Noah yake mpaka Mtwara, ana nafasi nne. Dakika kumi zilitosha. Tukajikuta watano: yeye, dada mmoja wa Nairobi na mchumba wake, kijana wa Kijerumani anayesoma chuo kwao na Kiswahili chake cha kuungaunga, na mimi. Kaka akasema "tuchangie mafuta tu, elfu themanini themanini", tukamtumia kwenye simu pale pale, tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza na gari je, faini je, matairi je, mtu akitaka kushuka njiani je. Mimi nilitaka kuuliza. Kiukweli nilitaka. Ila wote walikuwa wanacheka, dada wa Nairobi ameshanishika bega ananiita mdogo wake, nikaona nikifungua mdomo nitaharibu.

Foleni ya Mbagala naiacha, kila mtu anaijua. Raha ilianzia Mkuranga, mikorosho na minazi kila upande, halafu Kibiti, Ikwiriri, mara tuko juu ya Daraja la Mkapa na Rufiji chini imetulia utafikiri haijawahi kufurika. Lile daraja lilifunguliwa 2003, na ukiongea na waliosafiri kabla ya hapo watakwambia habari za kivuko cha Ndundu, maji yakichachamaa mnalala njiani na mizigo yenu. Tukapita Mohoro, ambako Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, yule mganga wa vita ya Majimaji, Agosti 1905 vita ilipoanza. Mjerumani wetu akaomba tusimame kidogo. Kaka akasema tumechelewa, hatukusimama.

Somanga tulisimama, maana pale hata ukiwa na haraka harufu ya samaki wa kukaanga itakushusha. Ni sehemu hizo hizo barabara ilikatika Mei 2024 baada ya Kimbunga Hidaya na mafuriko, kusini kote kukatenganishwa na Dar, na tulipopita bado tulikuwa tunachepushwa pembeni kwenye vumbi huku mafundi wanafanya kazi. Mbele kidogo kijijini, kibao kinasema 50, kaka yuko na 70 na kitu, trafiki huyo katoka na tochi yake. Faini elfu thelathini. Kaka akageuka nyuma akatuangalia. Hakusema neno, alituangalia tu, na sisi tukatoa pochi. Yaani aliyekanyaga mafuta ni yeye, tuliolipa ni sisi, na gari likaendelea na mziki.

Kilwa sasa. Kilwa naomba nikae nayo kidogo kwasababu pale ndo nilipopaswa kufumbuka macho.

Ukifika Kilwa Masoko unalipia kibali kwanza kwenye ofisi ya serikali, halafu unateremka bandarini kutafuta mashua ya kukuvusha Kisiwani. Ni karibu tu, kisiwa unakiona pale. Tukapatana na nahodha mmoja mzee, bei ya kwenda na kurudi na kutusubiri, kaka ndo aliyeongea naye, wakapeana mkono mbele yetu. Upepo ulikuwa mzuri, tanga likajaa, mzee ameshika usukani kwa mguu huku anatuonyesha Gereza, ile ngome ya kale, lile pale ukingoni. Nilishuka majini mpaka magotini na moyo wangu ukawa mwepesi kabisa.

Nyie, ule Msikiti Mkuu. Nimeona picha zake tangu shule ya msingi ila picha hazina ule ubaridi. Sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, halafu karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman akaupanua, nguzo na makuba, mawe ya matumbawe na chokaa, unasimama ndani unasikia kunguru na bahari tu. Ibn Battuta alifika hapa 1331 akauandika mji huu kuwa kati ya miji mizuri kuliko yote. Dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, ilikuwa inapita mikononi mwa watu hawa, bibi na babu zetu wa pwani, mpaka Wareno walipokuja na mizinga 1505. Ukitembea zaidi unafika Husuni Kubwa juu ya ukingo, jumba la sultani lenye bwawa la pembe nane. Nilikaa pembeni ya lile bwawa nikalia kidogo na sioni aibu kusema. Mjerumani alikaa upande wa pili kimya. Kaka na wale wengine walishachoka wakarudi kwenye mashua.

Tuliporudi Masoko, kaka akamlipa nahodha pungufu. Elfu kumi pungufu. Mzee akasema "mwanangu, hatukupatana hivi." Kaka akamjibu kwamba hatujakaa sana, akageuka akaenda zake. Mzee akatuangalia sisi. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Dada wa Nairobi akaangalia simu. Mjerumani peke yake alibaki nyuma akatoa elfu kumi yake akampa mzee kwa mikono miwili, akamwambia "samahani baba", na akaja zake bila kumsema mtu.

Ndugu zangu, hapo hapo nilipewa jibu la safari nzima na nikalikataa. Mtu aliyepeana mkono na mzee akamgeuka, wewe utakuwa nani asikugeuke? Wewe una nini zaidi ya yule nahodha? Nilijipa moyo kwamba na mimi ni mmoja wao. Mtu ukitaka sana kupendwa unakuwa kipofu, na mimi nilitaka sana kupendwa na wale watu.

Kesho yake Kilwa Kivinje, nyumba za kale zimeliwa na mizizi, na pale kuna mnara wa kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani. Kijana wetu alisimama mbele ya ule mnara muda mrefu. Nikamuuliza shuleni kwao walifundishwa haya, akatikisa kichwa. Akaniuliza majina yale yanatamkwaje, nikamsomea moja moja naye anarudia. Hicho kipande cha safari mtu hawezi kuninyang'anya.

Basi tukafika Lindi. Gesti nzuri, ghuba inaonekana, pweza wa nazi wa usiku ule bado naukumbuka utamu wake. Baada ya kula kaka akasema tuongee. Akatoa simu, kaandika mahesabu. Gari linachakaa, matairi, sevisi, na yeye ndo dereva, kwahiyo kila mtu alipe elfu hamsini kwa siku, siku nne, laki mbili kila mmoja, na kabla ya kuondoka asubuhi. Laki mbili! Mi kwenye simu nilikuwa na laki na sabini na tano, ya chakula na malazi mpaka narudi. Nikasema hatukukubaliana hivi. Nilipoyasema hayo maneno nikamsikia yule mzee wa Kilwa mdomoni mwangu, mwili ukaniisha nguvu. Nikamgeukia dada wa Nairobi, yule aliyeniita mdogo wake siku tatu mfululizo, tumelala chumba kimoja, nimemsuka nywele. Akaangalia simu yake. Kama alivyoangalia Kilwa. Kama mimi nilivyoangalia viatu.

Wao walilipa. Mimi na Mjerumani tukasema tutalipa nusu, kaka akasema sawa tutaongea asubuhi. Saa kumi na moja na nusu nimesikia Noah inawashwa, nikadhani inasogezwa. Nilipotoka nje kulikuwa na alama za matairi tu. Hema langu lilikuwa kwenye buti. Hema nililonunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Nikapiga simu, haipokelewi, nikaandika kwenye group, nimeshatolewa.

Stendi nilikaa kwenye benchi la mama mmoja wa chapati na chai. Aliniangalia akasema, "Mwanangu, umeachwa?" Nikasema ndio mama. Hakuuliza na nani. Akaniwekea chai, akaninyooshea kidole Coaster ya Mtwara, akasema ile inaondoka sasa hivi, kunywa haraka. Sikulia mbele ya kaka, nililia mbele ya ile chai.

Na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri. Kilichoniokoa sio ujanja. Ni kwamba tangu safari yangu ya kwanza ya Pangani nina kitu kimoja sikigusi: laki moja ya karatasi, nimeishona ndani ya jalada la daftari langu, ambayo kazi yake ni kunirudisha nyumbani tu. Sio ya pweza, sio ya mashua, sio ya kumkopesha mtu. Watu wananiulizaga begi la lita ngapi, viatu gani, pawabenki gani, nawajibu, lakini begi halijawahi kunirudisha Dar. Shona nauli yako. Nasema tena, shona nauli yako, hata kama mwenye gari ni malaika.

Tulipanda ile Coaster mimi na Mjerumani, magoti mdomoni, kuku miguuni. Akanisimulia kwamba alipokuwa mtoto alipelekwa makumbusho ya Berlin kuona mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, dainosaria, anapita mita 13 kwenda juu, na hakujua katoka wapi. Nikamwambia huyo ni mjusi wa Tendaguru, kachimbwa huku huku Lindi tunakopita, 1909 mpaka 1913, mizigo ikabebwa vichwani na watu wetu mpaka bandarini. Mzee wa siti ya mbele akageuka akasema mjusi arudi nyumbani, konda akaingilia, hata bungeni limeshasemwa, gari zima likawa mjadala mpaka Mnazi Mmoja ya huku Lindi, na kijana wa watu anajibu kwa Kiswahili chake kile kile, anaheshimu kila mtu. Tukashuka Mikindani, tukala wali samaki, tukapanda mpaka ile boma ya Wajerumani ya 1895 ambayo siku hizi ni hoteli, tukakaa kuangalia ghuba ambayo Livingstone alianzia safari yake ya mwisho 1866. Siku ile ndo ilikuwa bora kuliko zote. Hatukuwa na gari wala hatukuwa na deni.

Kwahiyo vijana wenzangu, tuache kuoneana aibu. Mnataka kuona nchi yenu, vizuri, ioneni, ila kuuliza hela sio unoko. Anayekasirika ukimuuliza leo ndo huyo huyo atakayekukasirikia Lindi usiku. Ongeeni mafuta, ongeeni gari lenyewe linalipiwa au halilipiwi, faini ya nani, na anayetaka kushuka anashukaje, na muandike kwenye group wote waone. Ongeeni hela kabla. Na mkiwa njiani mtazameni mwenzenu anavyomlipa muuza samaki, nahodha, mama wa chapati. Na ukiona anamdhulumu mtu, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi, hata kama utashushwa hapo hapo. Bora kushushwa Masoko na heshima yako.

Mwezi uliopita dada wa Nairobi kaniandikia. Kanitumia picha ya hema langu, anasema lilibaki kwake, anaweza kulipakia kwenye basi la Dar nikalichukue. Hakuandika kingine chochote kuhusu Lindi. Nimeiona ile meseji, kila siku naifungua, bado sijamjibu.

Wewe mdogo wangu wa Morogoro nenda. Kilwa usiikose. Ila leo usiku kabla hujalala waandikie hao wanne hayo maswali, halafu nitumie walichokujibu tukisome wote. Na ukifika bandari ya Masoko muulizie nahodha mzee anayeshika usukani kwa mguu, mpatane, na mkirudi umlipe yote.