Tangu agongwe, asema afadhali angekufa

SWALI: Mume wangu ni mtu wa bodaboda. Miezi minne nyuma aligongwa na gari, akalazwa wiki mbili kwa jeraha la kichwa. Sasa halali, neno dogo tu huwaka, na juzi alisema afadhali angefia pale barabarani. Mamake anikataza kumuuliza, ati nitamtia wazo. Nifanyeje?
Msomaji, Likoni

JIBU: Dada, muulize, tena leo. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Zima redio, watoto watoke nje, maana ubongo ulioumia hauwezi kelele, kisha useme wazi: "Wafikiria kujiua?" Akikubali, muulize kama ameshapanga. Aliyepanga haachwi peke yake. Mpelekeni Coast General usiku huo huo, kitengo cha dharura.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo breki. Ikiumia, wazo ambalo kwa mwingine lingepita laweza kuwa kitendo kwa dakika chache. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2018, wa watu zaidi ya milioni 7, ulikuta waliowahi kuumia ubongo wakijiua karibu mara mbili ya wengine, na miezi 6 ya kwanza ndiyo mibaya zaidi. Wengi hawafiki huko, ila mumeo yumo ndani ya miezi hiyo.

Kwa hiyo kazi yako ni kurefusha zile dakika. Dawa zote, hata Panadol, zifungie kwa kufuli, umpe dozi moja moja. Sumu ya panya itoke nyumbani. Pombe humwondolea breki iliyobaki, na muguka humnyima usingizi.

Kama anameza dawa ya kifafa, tazama pakiti. Ile iitwayo levetiracetam huwaletea baadhi ya watu hasira na huzuni. Usiikatize ghafla, degedege yaweza kumrudia. Ipeleke pakiti kliniki, daktari abadilishe. Akianza kutapika, kusinzia ovyo au kichwa kuzidi kuuma, huenda damu yavuja polepole: hospitali mara moja.

Ahadi za mdomo atazisahau. Andikeni pamoja mistari mitatu, herufi kubwa, ibandikeni karibu na kitanda: dalili ya kuzidiwa, pa kukaa, wa kumpigia. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure.

Na kama mamake ahofia polisi, mwambie Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomhukumu aliyejaribu kujiua, chakiuka Katiba.