Jaguar E-Type na ushindi wa Le Mans: injini ni ngumu, angalia maji na difu

Mkuu, umeuliza mawili: kama ushindi wa Jaguar kule Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, una maana yoyote kwa anayetaka kununua E-Type, gari lao la michezo la miaka ya 1960, leo, na kwa nini gari lenye historia hiyo lina sifa ya kulala gereji. Jibu la yote mawili liko kwenye mwaka 1952.

Juni mwaka huo Jaguar ilipeleka C-Type tatu, magari yake ya mashindano, Le Mans. Dereva wao Stirling Moss alikuwa ameiona kasi ya Mercedes 300 SL kwenye Mille Miglia, mbio za barabarani za Italia, akawatahadharisha, kiwanda kikabadilisha pua ya gari haraka haraka ili likate upepo, na rejeta na mabomba yake yakapangwa upya. Zote tatu zilichemsha zikatoka mapema. Agosti ya mwaka huo, XK120, gari la barabarani la Jaguar lenye injini ya ukoo huohuo, silinda 6, lita 3.4, ilizunguka uwanja wa mbio wa Montlhéry, Ufaransa, siku 7 usiku na mchana kwa wastani wa maili 100.31 kwa saa, zaidi ya kilomita 27,000. Kilichovunjika ni springi, si injini. Tofauti ilikuwa maji kupoa au kutopoa.

Injini hiyo ya XK ndiyo iliyochukua Le Mans 1951, 1953, 1955, 1956 na 1957. Mwaka 1953 Tony Rolt na Duncan Hamilton, wakiwa na breki za diski za Dunlop, walimaliza kwa wastani uliovuka maili 100 kwa saa, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea pale. Ushindi wa 1955 sipendi kuutukuza, zaidi ya watu 80 walikufa siku hiyo. Wa 1957 ndio wenye uzito kwangu: D-Type tano, magari yaliyorithi C-Type, zilianza, zote zikamaliza, nafasi ya 1, 2, 3, 4 na 6. Krankshafti inayokaa kwenye bearingi kuu 7 haichoki kirahisi.

E-Type ilipotoka 1961 ilirithi injini hiyo ikiwa lita 3.8. Bloku ni chuma, silinda hedi ni aluminiamu. Ukijaza maji ya bomba matupu, aluminiamu inaliwa, kutu inageuka tope, na tope linatulia nyuma ya bloku, kwenye silinda namba 1. Jaguar wanahesabu kuanzia nyuma, upande wa flaiwili, kwa hiyo lijue hilo kabla hujasoma jedwali lolote la ufundi. Kusafisha rejeta peke yake hakutoshi. Fungua koki ya ubavuni mwa bloku. Isipotoa maji, chokonoa kwa waya, imeziba. Kama tope ni jingi, toa plagi za ubavuni mwa bloku upige maji mpaka yatoke meupe, kisha jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochemshwa na kukingwa mvuke, yale ya betri.

Kwenye foleni hakuna upepo wa Le Mans, kuna feni ya umeme moja tu (mbili zilikuja na toleo la pili, Series 2, 1968). Swichi yake ya joto iko kwenye tangi la juu la maji. Feni isipowaka, chomoa nyaya mbili za swichi uziunganishe zenyewe kwa zenyewe. Ikizunguka, swichi imekufa. Isipozunguka, fuata fyuzi, waya wa ethi, kisha mota.

Tapeti za 3.8, yaani gapu kati ya kamshafti na kikombe cha valvu, hupimwa injini ikiwa baridi: ingizo inchi 0.004, ekzosi 0.006. Injini iliyo kimya mno hapo juu inanitia wasiwasi kuliko inayogonga kidogo, kwa sababu valvu zikizama kwenye siti zake gapu hupungua mpaka valvu haifungi, inaungua. Shimu, vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha gapu, ziko chini ya kikombe cha tapeti, hivyo lazima kamshafti itoke. Andika gapu zote 12 kwanza. Shimu mpya ni unene wa ile ya zamani, jumlisha gapu uliyopima, toa gapu unayotaka. Usizungushe kamshafti moja peke yake wakati zote mbili zimefungwa. Valvu za ingizo na ekzosi zitagongana na kupinda.

Oili ikishapata moto, presha iwe kama psi 40 kwa mizunguko 3,000. Geji ya dashibodi ni ya umeme na husoma chini, kwa hiyo funga geji ya mkono kabla hujahukumu injini.

Nyuma ndiko fedha zinakoenda. Breki za nyuma zimebanwa kwenye difu, sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, si kwenye magurudumu yenyewe, ili kupunguza uzito unaorukaruka na tairi. Wazo zuri sana barabarani, gumu gerejini: joto la diski linakausha sili za difu, oili inavuja juu ya diski, breki inapotea. Usijaribu kubadilisha sili kwa kulala chini ya gari. Tenganisha propela, hozi ya breki, kebo ya hendibreki, ekzosi na mikono miwili ya mbele, fungua mauntingi nne, shusha fremu nzima iliyobeba difu. Ikishashuka fanya sili, bearingi, diski na pedi kwa pamoja, weka shimu ili diski ikae katikati ya kalipa, na bolti za kalipa zifungwe tena kwa waya wa usalama.

Kwa kununua, ningeenda kwa E-Type ya lita 4.2 ya 1964 hadi 1968. Gia ya kwanza ina sinkro, kifaa kinachoifanya iingie bila kukwaruza, ina altaneta, na ethi ni hasi, 3.8 ni ethi chanya, na redio ya kisasa ikifungwa bila kujua hilo inaungua. Kagua fremu ya mbele ya mabomba, hasa upande wa betri ambako asidi hudondokea, na viungo vyake kwa tochi. Bomba hizo huoza kutoka ndani, kwa hiyo rangi mpya pale mbele ni sababu ya kuuliza picha za kazi ilivyofanyika. Muuzaji asipokuwa nazo, mwachie gari lake.