Gadi bora akihamia pembeni, kwa nini anapwaya?

SWALI: Shikamoo kocha. Niko Kansas City, na tangu fainali ya futiboli ya Marekani (ligi ya NFL) ya Februari 2025 hatujapatana nyumbani. Joe Thuney, wakati huo wa Chiefs, timu yetu, ni gadi wa kushoto wa kupigiwa mfano, yaani mmoja wa ukuta wa watu watano wanaosimama mbele kumkinga kwotabeki, mrushaji wa mipira. Siku ile alipangwa pembeni kushoto, hatua moja tu kutoka alipozoea, na kwotabeki wetu Patrick Mahomes akaangushwa na mpira mkononi mara 6. Eagles wakashinda 40 kwa 22. Mdogo wangu anasema walihitaji mtu mkubwa zaidi, basi. Nauliza pia kwa ajili ya mwanangu wa miaka 15, naye ni gadi. Kuna mtu mtandaoni anauza mafunzo ya wiki 4 ya kumgeuza mlinzi wa pembeni, pamoja na unga wa kuongeza kilo. Nimlipe? Mama Gadi.

JIBU: Marahaba, mama. Huyo mtu usimpe hata senti. Sababu iko kwenye maneno mawili uliyoyaandika kwa nia njema: "hatua moja". Nayasikia kila wiki, kwa wazazi, kwa watangazaji, hata kwa wanaojiita makocha na hawajawahi kumfundisha mtu kusimama kwenye ukuta wa mbele.

Simama sebuleni ujaribu. Gadi wa kushoto ana senta, mtu wa katikati ya ukuta, upande mmoja na mlinzi wa pembeni upande wa pili. Anayemjia anamjia usoni, mzito, karibu mno. Kazi ni kushusha kiuno, kuwahi kupiga mikono kifuani na kukataa kurudishwa nyuma. Akiteleza kidogo, jirani anamwokoa kwa bega. Sasa sogea hiyo hatua moja. Kushoto kwako hakuna mtu, ni nyasi tupu. Mvamizi amejipanga nje ya bega lako, ni mwepesi kuliko wewe, na hujui kama atapita nje au atakata ndani. Unarudi kimshazari: mguu wa kushoto unavuta, wa kulia unafuata bila kuugusa mwenzake, makalio chini, mabega yanatazama mbele. Ukigeuza nyonga mapema, ameshaingia ndani. Ukichelewa, amekuzunguka na anamkuta kwotabeki mgongoni, maana Mahomes anarusha kwa mkono wa kulia na upande ule hauoni.

Thuney ni fundi, aliingia kikosi cha kwanza cha nyota wa ligi akiwa gadi. Wala sisemi kwamba zile mara 6 zote zilipita kwake. Lakini angalia alifikaje pale pembeni. Chiefs walianza msimu na Kingsley Suamataia, mgeni kabisa kwenye ligi. Baada ya mechi mbili wakamweka benchi. Akaja Wanya Morris. Novemba wakamsajili D.J. Humphries, naye akaumia misuli ya paja kwenye mechi yake ya kwanza. Ndipo Desemba wakamsogeza Thuney, na nafasi yake ya gadi ikashikwa na Mike Caliendo. Hesabu hapo: pengo lilikuwa moja, sasa wana watu wawili katika kazi ambazo hawakuzianza msimu nazo. Kwenye fainali Vic Fangio, kocha wa ulinzi wa Eagles, hakuhitaji kutuma mtu wa ziada kumfuata Mahomes. Watu wa mbele walitosha usiku kucha.

Na hili Chiefs walishalionja. Februari 2021 waliingia fainali bila Eric Fisher, aliyechanika kano ya kisigino kwenye nusu fainali, na bila Mitchell Schwartz mwenye mgongo mbovu. Mike Remmers akatolewa kulia akapelekwa kushoto, Andrew Wylie akatolewa kwenye gadi akapelekwa pembeni kulia, Stefen Wisniewski akaziba alipotoka Wylie. Tampa Bay wakawafunga 31 kwa 9, Mahomes akikimbia huku na huko kama mwizi wa kuku. Mwaka huo huo wakaujenga ukuta upya: Thuney mwenyewe, Orlando Brown, Creed Humphrey, na Trey Smith waliyempata raundi ya 6 ya uteuzi wa wachezaji wapya. Februari 2023 waliwafunga Eagles 38 kwa 35, na Mahomes hakuangushwa hata mara moja.

Mdogo wako, kwa hoja yake ya ukubwa, ataniletea Jordan Mailata, wote huniletea. Kweli, Mailata wa Eagles ni jitu la mita 2 na ushei, alikulia Australia akicheza raga, na alipochaguliwa kwenye uteuzi wa mwaka 2018, akiwa wa 233, hakuwahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huu. Wasichokitaja ni kwamba miaka miwili ya kwanza hakucheza mechi hata moja ya ligi. Alikuwa na Jeff Stoutland, kocha wa ukuta, akifundishwa miguu kama mtoto anayefundishwa kuandika. Mwili huo alikuja nao tangu siku ya kwanza na bado alingoja hadi 2020. Basi ataniletea Mekhi Becton, aliyetolewa pembeni akawa gadi wa kulia kwenye timu hiyo hiyo iliyobeba ubingwa. Becton alihamishwa kambini, kabla ya msimu, mikononi mwa Stoutland. Thuney alihamishwa Desemba.

Akiba ya ukuta ndiyo inayopuuzwa kuliko yote, na hapo hasira zangu hupanda. Tangu 2020 ligi inairuhusu timu iingie mechini na wachezaji 48 badala ya 47, mradi angalau 8 wawe wa ukuta. Watano wanaanza, watatu wanabaki kuziba nafasi tano. Lazima mmoja wao awe anajua senta na gadi zote mbili. Atajifunza lini? Makubaliano ya 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji yalishusha mazoezi ya kugongana kwa vifaa kamili hadi 14 kwa msimu wa kawaida, na sehemu kubwa wanaichukua wanaoanza. Mtu wa akiba anabaki na kocha mvumilivu, pembeni ya uwanja. Mwenye timu anayebana mshahara wa kocha huyo halafu akatoa mamilioni kwa mpokeaji wa mipira amenunua taa za gari lisilo na breki.

Wauza njia za mkato wanaishi kwenye pengo hilo hilo. Wiki 4, koni kumi na mbili, muziki mkubwa, na unga. Marekani unga wa namna hiyo hauhitaji kuidhinishwa na mamlaka ya chakula na dawa kabla ya kuuzwa, kwa hiyo picha ya msuli kwenye kopo haikuhakikishii kilichomo ndani. Mtoto wa miaka 15 akibebeshwa kilo 10 haraka, miguu ndiyo inayopungua kasi kwanza, na magoti yanafuata kulalamika. Uzito muulize daktari wake.

Kuhusu kuhama, muombe kocha wa shule aanze naye baada ya msimu, pande zote mbili. Nyumbani, bandika utepe sakafuni kimshazari, mita tatu. Mpe mpira wa tenisi kila mkono asizoee kung'ang'ania jezi. Arudi nyuma kando ya utepe polepole, dakika kumi kwa siku, wewe ukitazama miguu tu. Ule wa kulia ukiugusa wa kushoto, aanze upya.