Barua kwa mwanangu: Zuena amwambie Nassor au anyamaze?

Mwanangu kipenzi,

Assalam alaikum, huku hatujambo, baba yako na mguu wake uleule ila anatembea na mdomo haujapungua.

Sura tano za kitabu cha pili cha riwaya yako nimezisoma zote na swali lako nimeliona, umeniuliza Zuena, yule msichana wako wa leo anaepita pangoni kurudi zamani, akirudi tena Unguja ya 1872 amwambie Nassor kwamba tufani inakuja au akae kimya, maana akisema historia inabadilika na kitabu cha kwanza chote kinavurugika. Mimi nasema amwambie. Yani mtu unampenda, umevuka miaka mia na hamsini kumfuata, unajua kabisa tarehe 15 mwezi wa nne mji utaezuliwa na minazi italala chini, alafu unyamaze ati usivuruge historia? Msomaji atamchukia na wa kwanza mimi. Ila mwanangu kumwambia ndo matatizo yanaanza, na hapo naona umepita haraka sana, umeandika "Nassor alishtuka, akamwamini" basi, tumeshahamia kwenye kukumbatiana.

Hebu fikiria atamwambiaje. Nassor tarehe 15 mwezi wa nne haijui ni dude gani. Yeye miezi yake ni mfunguo mosi, mfunguo pili, na siku ile kwake inaangukia mwanzoni mwa mfunguo tano, Safar, mwaka 1289 wa Hijria. Baba yake ambae ni nahodha ana hesabu nyingine tena ya baharini, ya mwaka wa Nairuzi, wanahesabu siku kwa makumi. Zuena katoka na tarehe moja tu ya kitabu cha shule kichwani, saa hana, na simu umeiacha ina chaji mpaka sura ya tatu sijui anachajia wapi. Na isitoshe Safar wazee wetu wanauhesabu mwezi wa mikosi, kwahiyo akisimama barazani aseme jamani Safar kuna balaa, watamwambia ndio bibi tunajua, kila mwaka iko, karibu kahawa.

Alafu huyo nahodha usimfanye mjinga. Anachokataa anakikataa kwa elimu yake. Unguja iko karibu na ikweta, kama digrii 6 tu kusini, na zile tufani kubwa za Bahari ya Hindi njia yao ni huko chini Madagaska, Morisi, Msumbiji, huku kwetu ni bahati mbaya ya mara moja moja, Lindi 1952, na hii Hidaya ya 2024 unaikumbuka tulivyokesha na simu. Wakati wa Nassor hakuna mzee wa kumuuliza alieona kitu kama hicho. Kwake yeye mwezi ule ni kaskazi imekwisha, kusi inaingia, masika yameanza, na majahazi ya Oman yamejaa bandarini yanangoja upepo wa kurudi kwao. Hata Sayyid Barghash mwenyewe merikebu zake ziliharibika pale pale bandarini, sasa kama Sultani hakujua nani atamsikiliza msichana alietokea pangoni bila ukoo?

Sasa nije kwenye kitu ambacho kimenifanya niandike barua ndefu hivi badala ya kukupigia. Kwenye kitabu cha kwanza umeweka sheria mwenyewe, mlango wa pango la Mangapwani unafunguka siku za bamvua tu, maji yanapojaa na kutoka sana. Nimeipenda sana, ni sheria ya mtu wa pwani. Ila kwenye sura ya tano umemtoa Zuena siku hiyohiyo ya tufani, upepo unavuma, anamwachia Nassor mkono, anaruka ndani. Haiwezekani mwanangu! Mwanzoni mwa mfunguo tano mwezi ni nusu, na mwezi nusu maji ni mafu, hayajai wala hayatoki sana. Bamvua ilikuwa wiki moja nyuma mwezi ulipoandama, na nyingine ni wiki moja mbele mwezi ukiwa mpevu. Sikutungii, hesabu mwenyewe.

Na usikasirike ukaifuta sheria, maana hapa umepata kitabu bila kujua. Zuena inabidi achague wiki nzima kabla, mbingu iko safi, watoto wanacheza ufukweni, Nassor anacheka, hakuna hata wingu la kumsaidia kuamua. Akiingia pangoni siku hiyo anaokoka na anamwacha. Akibaki, tufani ataikuta na atoke asitoke ni majaaliwa. Mimi ningempa sura mbili nzima za hiyo wiki, hilo busu kwenye upepo mtu yoyote anaandika.

Kuna na Pemba. Tufani ile ilipiga Unguja, mikarafuu na minazi mingi mno ikaanguka, Pemba haikuguswa sana. Kwahiyo Zuena asihangaike kumfanya Nassor aamini, amtafutie safari tu, amdanganye hata kwa posa ya mtu au deni la baba yake, ilimradi jahazi ling'oe nanga kwenda Pemba kabla. Amemwokoa. Lakini fuata kamba hiyo mpaka mwisho: Unguja karafuu zimekwisha, bei inapanda, Pemba ndo inakuwa kisiwa cha karafuu, na kijana mwenye jahazi na mtaji kidogo aliepo Pemba mwaka huo anatajirika. Na mashamba hayo yalipanuliwa kwa mikono ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, mwaka mmoja tu baadae, lakini utumwa wenyewe kisheria uliendelea mpaka amri ya 1897. Zuena akirudi kwenye kitabu cha tatu anaweza kumkuta Nassor yuhai, mzuri, tajiri, na ana watu sitini shambani. Huyo ndo mtu Zuena aliyemwokoa. Ukiogopa kubadilisha historia, hiyo ndo ya kuogopa.

Vitu vidogo vidogo sasa. Beit el Ajaib, lile jumba la Sultani, ifute, imejengwa 1883. Kanga yenye jina, yani yenye maneno, pia bado, mvalishe kaniki. Barua ya Nassor itakuwa kwa herufi za Kiarabu, Zuena haisomi hata kama ni Kiswahili, mpe mtu wa kumsomea na huyo mtu ajue siri yao, itakusaidia mbele. Yule Mzungu umemweka bila sababu, kama lazima awepo basi Stanley, yule mwandishi wa gazeti, alifika Unguja mwezi wa tano mwaka huo akitokea kwa Livingstone, mpitishe barabarani bila kuongea. Na Bibi Salme, dada yake Barghash, hawezi kumshauri Zuena kuhusu mapenzi, yeye alishatoroka 1866 kwa meli ya Waingereza, akaolewa na Mjerumani wake, na 1872 ni mjane yuko Ujerumani na watoto wadogo. Anaweza kutajwa na wanawake jikoni, kwa kunong'ona, hapo utakuwa umesema mengi kuhusu msichana anaefuata moyo.

Kuhusu lile busu juu ya majamvi ya karafuu zinazokaushwa. Mwezi wa nne? Mvua ya masika hiyo, nani kaanika karafuu? Ungetaka harufu hiyo wapeleke ghalani kwenye magunia ya msimu uliopita, hata makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yananukia. Na kama utaurudisha huo msimu kwa kumbukumbu ya Nassor, basi nionyeshe anaechuma, kapanda juu, kavuta tawi kwa kijiti cha ndoano, vidole vimekuwa vyeusi. Nimepitia sura zako zote tano na shamba lile kubwa hivo halina mchumaji hata mmoja mwenye jina, wapo tu kwa mbali "wakiimba". Anza na huyo. Mpe jina, mpe mdomo, na umfanye yeye ndo mtu pekee anaemwamini Zuena kuhusu tufani, maana yeye hana jahazi wala mti wa kumfanya akatae kuamini. Alafu ndo unijibu, Zuena ana nafasi ngapi kwenye jahazi la Pemba?

Sura ya sita ukimaliza nitumie maandishi, sio picha za skrini, macho yangu unayajua. Na ule wali wa jioni usiruke.

Mama yako