Kaseti za nyumbani: kazi kubwa iko kwenye deki

Mtu akitaka kusafisha kaseti ya harusi ya mwaka 1985, mara nyingi huikimbiza kwenye kompyuta, kisha akahangaika na programu wiki nzima. Amechelewa. Sauti nyembamba ambayo deki, yaani mashine ya kuchezea kaseti, haikuisoma haimo kwenye faili, na hakuna programu itakayoirudisha.

Anza kwa kuukagua mkanda kupitia kidirisha. Unga mweupe ukingoni ni kuvu, jambo la kawaida kwa kaseti zilizokaa Tanga au Mombasa. Usiicheze kabla haijasafishwa, maana unga utahamia kwenye hedi, kichwa cha deki kinachosoma mkanda, na kwenye kaseti nyingine. Kisha tazama upande ulio wazi: pale katikati pana kipande kidogo cha felti juu ya kibati chembamba, kazi yake kuukandamiza mkanda kwenye hedi. Gundi ikikauka kinadondoka, na sauti inafifia na kurudi. Hapo hamishia mkanda kwenye ganda jingine lililofungwa kwa skrubu, polepole, kwa sababu ukikunjika alama haitoki.

Hedi isafishwe kwa kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Roli la mpira lipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo tu.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo inayoiinamisha. Weka alama ilipo, cheza wimbo, unganisha chaneli mbili ziwe mono, halafu izungushe kidogo kidogo kwa bisibisi nyembamba. Sikiliza herufi "s" ya mwimbaji na kayamba. Kuna mahali sauti inafunguka ghafla, kama pazia limevutwa. Acha hapo. Kila kaseti ina mahali pake, kwa kuwa kila redio ilirekodi kwa mwinamo wake.

Zima Dolby, mfumo wa deki wa kupunguza kelele za mkanda, ikiwa kaseti haikurekodiwa nayo, la sivyo itameza sauti za juu. Kwenye kompyuta tumia tundu la laini ("line in"), si la maikrofoni. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, vilele visipite desibeli -6. Upande mmoja wa kaseti ya C-90, dakika 45, utachukua takriban MB 780. Faili hilo usiliguse tena, fanyia kazi nakala.

Kama redio ilikuwa imechomekwa ukutani wakati wa kurekodi, huenda mvumo wa umeme uliingia kwenye mkanda. Umeme wetu ni hezi 50. Mvumo huo ukisomeka 52, deki inakimbia kupita kiasi kwa asilimia 4, hivyo punguza kasi kabla ya kuukata.

Kwenye kipunguza kelele cha Audacity, programu ya kuhariri sauti, chukua sampuli ya sekunde 2 za mkanda mtupu, uondoe desibeli 6 hadi 8, basi. Ukienda 20, sauti ya mwimbaji inaanza kububujika kama iko ndani ya maji.

Vigelegele usivifute, ndiyo harusi yenyewe. Ila redio kaseti nyingi zilishusha zenyewe kiwango cha kurekodi kila vilipopigwa, na muziki ukazama kwa muda mfupi baada yake. Sehemu hizo zinyanyue kwa mkono, moja moja, desibeli 3 au 4, mpaka ngoma irudi kwenye kimo chake.